Daftari Nililolala Nalo

Siku yangu ya kwanza kazini, Arua, mwaka 1973, Msimamizi alinipa penseli, kifutio na rundo la fomu za miraba, kila mraba herufi moja. "Angalia vizuri," akaniambia. "Kompyuta ya Kampala haina huruma. Kosa kidogo tu, inakataa."

Tulihamisha kadi za wagonjwa wa kifua kikuu kwenye fomu hizo. Kompyuta ilitoa orodha ya nani apewe dawa gani, na lori la dawa lilifuata orodha hiyo. Miraba ilikuwa michache, basi tulifupisha maneno. Tulikuwa wanne, Mlugbara, Mkakwa, Mkongomani na mimi Mnubi. Kila mtu alifupisha kwa lugha ya kwao na kuficha daftari lake la vifupisho; orodha ikirudi, kila mmoja alisoma sehemu yake. Mimi langu nililala nalo! Tuliogopa kwamba mwenzako akijua kusoma fomu zako, kazi yako imekwisha.

Mkakwa wetu, Yosia, akafiwa na mama yake, akaenda Koboko. Kesho yake fomu zake za zahanati ya Ludara zikarudi, zimekataliwa. Tungeandika orodha kwa mkono, lakini kadi wagonjwa walisharudishiwa, na fomu za Yosia nani angezisoma? "Ijumaa lori inaondoka," Msimamizi akasema. "Bila orodha, Ludara hakuna dawa." Na dawa ya kifua kikuu ukiikatiza, ugonjwa unarudi na nguvu mpya.

Nikapanda gari kwenda Koboko, nikangoja mazishi yaishe.

"Hadija, unakuja na makaratasi kwa kilio?" Yosia akaniuliza.

Niliona aibu, wallahi. "Pole sana, ndugu yangu. Naomba unisomee tu."

"Kila mutu akijua kusoma yangu, mimi nabaki na kazi gani?"

Hofu yake ndiyo yangu. Nikatoa daftari langu, nikamwekea magotini. "Soma yangu kwanza."

Akasoma kurasa mbili, akacheka huku machozi yakimtoka. "Ai! Hii iko fujo kuliko yangu!" Akanisomea fomu zote, nikaandika orodha.

Ijumaa dawa za Ludara ziliondoka. Alhamdulillah! Nilikaa kwenye ngazi za ofisi, nikalitazama lori mpaka likapotea.

Yosia aliporudi tuliweka madaftari yote mezani, tukatunga orodha moja. Kifupisho hakikupita mpaka mtu wa lugha nyingine akisome bila kuambiwa. Tuligombana wiki tatu! Hakuna aliyefukuzwa, Yosia alipelekwa Koboko kufundisha makarani wapya.

Nilipostaafu, wiki nzima nilivaa kila asubuhi, nikangoja ofisi itume mtu kuniuliza jambo. Hakuja mtu; kila nilichoandika kilisomeka bila mimi. Iliniuma kidogo, nisiwadanganye. Kisha nikavua viatu, nikalala mpaka adhuhuri.