Kiti cha Filimbi ya Pili

Dada yangu ni muuguzi wa zamu ya usiku, na usingizi huudokoa kama paka anavyodokoa mboga jikoni. Hulala kwenye foleni, hulala huku anamenya viazi. Mimi humtania sana, lakini siku ile utani ulinikauka mdomoni.

Mwaka jana, kwenye onyesho la wanafunzi wa muziki, binti yake alipiga peke yake wimbo wa filimbi mbili, kando ya kiti kitupu alichomwekea mama yake. Mama mtu alikuwa amezuiwa wodini. Mtoto hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma. Dada, aliyeanza kujifunza filimbi naye kwa sababu kumsubiri mlangoni mwa darasa kulimchosha zaidi, akaapa kwamba mwaka huu, liwe liwalo, filimbi ya pili ataipiga yeye.

Na kweli alifika. Asubuhi alitoka kazini, akafua, akapika, alasiri akaingia ukumbini miguu imemvimba. Wenzao wote walipiga wamesimama. Yeye akamwomba mwalimu viti viwili. Hapo ndipo wasiwasi uliponiingia.

Walianza vizuri, pumzi zao zikipokezana. Katikati ya wimbo, filimbi ya pili hunyamaza kwa kitambo ili ya kwanza itambe. Dada akailaza yake mapajani, akafumba macho. Nikadhani anasikiliza. Kisha kidevu kikashuka kifuani.

Nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu alishaanza kuinuka. Binti alimtupia mama yake jicho la pembeni, akafika mwisho wa sehemu yake, na badala ya kumgusa kwa kiwiko, akairudia toka mwanzo, taratibu zaidi. Akairudia tena. Watu walitulia tu, wakidhani ndivyo wimbo ulivyotungwa.

Dada akafumbua macho bila kushtuka, kama anavyoamka anapoitwa na mgonjwa. Akainua filimbi, akaingia palepale panapotakiwa. Wakamaliza pamoja.

Nje, alikaa kwenye ngazi, uso kaufunika kwa viganja.

"Si ungenigusa tu, mwanangu. Nimekuaibisha."

"Ulikuwa umechoka, mama."

"Nimeharibu tena."

Binti alikuwa akifuta filimbi yake kwa kitambaa. "Mwaka jana nilipiga huku nakitazama kiti," akasema. "Leo nilikuwa nakutazama wewe."

Dada akamvuta kifuani. Mimi nikabeba mikoba yote miwili, maana wao hawakuwa na mkono wa kubebea.