Bluetooth Mbili Kwenye Kompyuta Moja

Ijumaa, tarehe 14 Machi. Manyunyu tangu alfajiri, milima imejifunika mpaka huku Bigwa.

Nimekwenda Msamvu na kompyuta aliyoniachia binti yangu, nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Spika zake zilishakufa na simu yangu ni kitochi, kwa hiyo kila Ijumaa baada ya Alasiri, binti akinipigia kwa video kutoka Mwanza, namsikia kwa hedifoni zisizo na waya. Bluetooth ya ndani ya kompyuta imechoka, inakatakata. Ijumaa iliyopita ilikatika pale pale alipokuwa anasema kama Idi atakuja au haji. Nikaona midomo tu, nikaitikia kwa kichwa. Kumwandikia meseji nimwulize tena niliogopa ataona namsukuma. Labda nilikosea.

Jumatano nilinunua kidude cha USB kishike nafasi ya hiyo ya ndani. Nikachomeka, mikwaruzo ikazidi. Leo nikamwambia muuzaji, mbele ya wateja, kwamba kaniuzia feki.

"Shikamoo mama. Ile ya ndani uliizima?"

"Niizime ya nini? Si nimenunua mpya?"

Akacheka. "Sasa mama, umeweka wake wenza chumba kimoja halafu unataka amani? Wanagombania hedifoni! Mkubwa mpumzishe."

Dada mmoja aliyekuwa ananunua chaja akamwambia, "Na swaumu yako hiyo, chunga mdomo."

"Astaghfirullah, nasema kompyuta mimi!"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Hakujua. Mume wangu ana mke mdogo Kinole, huko milimani, na huu ni mwezi wa tatu hajashuka kwangu. Unga anatuma, siwezi kusema hatumi. Na mwenzangu huyo hajawahi kunitolea neno baya.

Akanionyesha pa kubonyeza. Kompyuta ikauliza kwa Kiingereza kama nina hakika. Nikakawia.

"Bonyeza tu mama, haifi hiyo. Inalala."

Nikabonyeza. Hedifoni zikashika palepale. Nikamwomba radhi mbele ya wateja walewale, maana lawama nilizitoa mbele yao. Ila na yeye angeniambia tangu Jumatano.

Alasiri binti akapiga. Sauti ilikuja safi, nikasikia mpaka mtu anaosha vyombo nyuma yake. Nikamwuliza habari ya Idi.

"Mama jamani, si nilikwambia? Siji. Zamu zangu zimeangukia sikukuu. Na wewe ukaitikia kabisa."

"Niliitikia, ndiyo."

"Nilishukuru hujanung'unika. Nilikuwa naogopa kukwambia."

Nikasema kazi kwanza, mwanangu. Sikumwambia kwamba sikusikia. Sijui kama huo ni uongo. Yeye hana kosa, alisema mapema na alisema vizuri. Tukaongea nusu saa nyingine, haikukatika hata mara moja.

Magharibi nimefuturu peke yangu, tende tatu, uji wa pilipili manga, na magimbi ya nazi. Magimbi hayakuiva vizuri katikati. Nimeyala hivyo hivyo.