Kombora Walilonolea Panga

Umande bado umeshika majani. Dauda Osundwa anainama, anakata muwa chini kabisa karibu na udongo, anaupunguza kilele, anautupa kushoto. Mbele yake askari wa jeshi anapitisha chombo cha kutafutia chuma katikati ya mistari. Askari akiinua mkono, Dauda anasimama. Akiushusha, panga linaendelea.

Hakuna mkata miwa wa Matungu aliyezoea kukata hivi. Shamba huchomwa kwanza, majani makavu yaishe na nyoka wakimbie, ndipo watu waingie. Majani mabichi hukata kama wembe, na vidole vya Dauda vimefungwa vitambaa.

"Sisi tunachomanga," anasema akijipangusa jasho. "Lakini moto hapa? Astaghfirullahi!"

Dauda, mwenye miaka arobaini na sita, ni nyapara wa wakata miwa. Tangu kiwanda cha sukari kifunguliwe amekata mashamba ya watu. Hili la ekari mbili ni lake, na haya ndiyo mavuno yake ya kwanza. Marehemu baba yake aliliacha liwe malisho tu, maana wakati wa vita vya Hitla askari walifanyia hapo mazoezi ya mizinga. Mzee hakutaka jembe liguse udongo ule. Miwa ilipoleta neema na kila mtu akalima hadi mlangoni, Dauda naye akalima.

"Nilisema mzee alikuwa tu na uoga," anakiri.

Ukingoni mwa shamba kulikuwa na chuma kilichojikita ardhini, kitako chake bapa kikiwa juu. Anayenoa panga kwa tupa hutaka kitu kigumu cha kuliegemeza, na chuma kile kilifaa ajabu. Kikosi kizima kilikaa pale asubuhi, kikinoa na kupiga soga. Panga likipinda, liligongwa papo hapo mpaka linyooke.

"Kwa nyundo!" anasema Philemon Were, mkataji mwenzake, akishika kichwa. "Na mimi ndio nilikuwa nagonga na nguvu."

Mwezi uliopita Dauda alikuwa akilima njia ya kuzuia moto, tayari kuchoma shamba, jembe lake likagonga chuma kingine. Alidhani ni kipuri cha trekta. Alipokifukua aliona ncha, kisha akaona kitako, sawasawa na kile cha kunolea. Kiberiti kilikuwa mfukoni mwake.

Wanajeshi walioitwa waliyalipua makombora yote mawili, wakapiga marufuku moto, kwani huenda mengine yalikuwa ndani ya miwa. Kikosi kikakataa kuingia. Dauda hakuwalaumu, ila muwa hausubiri. Ukipitiliza hukauka ndani, na kiwanda hakiutaki.

Mkewe, Asiya, alimsihi auache. "Nilimwambia, Baba Swaleh, muwa tutapanda mwingine. Wewe nitakupanda wapi?"

Dauda aliwaomba wanajeshi wapime mstari kwa mstari, naye awafuate akikata mbichi. Alianza peke yake. Kombora la tatu lilipatikana, likaondolewa, na kesho yake akarudi. Asubuhi iliyofuata alimkuta Philemon kando ya shamba, panga mkononi.

"Huyu tumekula naye sahani moja ya obusuma kwa mashamba ya wengine yote," Philemon anaeleza. "Kwake ndio nikae nyumbani? Hiyo ni aibu."

Wengine walikuja mmoja mmoja. Leo wako wote, na tupa zinalia juu ya gogo ambalo Asiya mwenyewe alilivingirisha kutoka nyumbani.

Pale palipokuwa na chuma cha kunolea pamebaki shimo. Dauda ametenga kando miwa yake iliyonyooka zaidi kwa ajili ya mbegu.

"Nitaanzia hapo kwa shimo," anasema. "Na hiyo ikikomaa, tutachoma kama watu."

Mbele yake askari anashusha mkono. Umebaki mstari mmoja, na Dauda anainama.