Achari ya Bi Mwanahamisi na Kilima Kimoja

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye maabara ya serikali ya kupima vyakula, Mkemia Mwandamizi hakunipa hata kiti. Alinisimamisha mbele ya mashine, akanionyesha mstari uliokuwa ukipanda na kushuka kwenye karatasi. "Dada Zuhura," akasema, "mashine haijui jina la kitu chochote. Inachora kilima tu. Jina unakipa wewe, na ukikipa jina la uongo kuna mtu ataumia." Nilidhani ananitisha kwa kuwa ni mgeni.

Kazi yenyewe inaitwa kromatografia. Unakamua chakula kwa kiyeyushi, kisha unasukuma ulichokamua kwa pampu ndani ya kolamu, yaani mrija mwembamba wa chuma uliojazwa unga laini. Vilivyomo hutoka kila kimoja kwa wakati wake, na kila kinachotoka huchora kilima. Kwa soda hiyo inatosha. Kwa achari haitoshi, maana mna embe, pilipili, manjano, haradali, siki na mafuta, na vitu viwili visivyojuana vinaweza kutoka pamoja vikachora kilima kimoja. Ndiyo maana ikaja kromatografia ya pande mbili: kinachotoka kolamu ya kwanza unakiingiza kolamu ya pili yenye tabia tofauti. Wageni wa harusi ukiwapanga kwa kimo, waliolingana utawatenganisha kwa kuwauliza ukoo.

Nilitumikia Dar es Salaam, nikahamishiwa Lugoba kukusanya sampuli za maziwa, nikarudishwa maabara chini ya Mkuu wa Maabara mpya. Huyu alikuwa mtu wa haraka. Kolamu ya pili aliiita anasa, eti inachelewesha majibu.

Ndipo ikaletwa achari ya embe ya Bi Mwanahamisi wa Kaole, Bagamoyo, aliyekuwa akiiuza sokoni. Afisa aliyeichukua alimkuta uani akichemsha ukindu wa mikeka, vidole vyekundu mpaka kwenye kucha, kopo la rangi kando yake. Afisa huyo alikuwa ameshahukumu kabla chupa haijafika kwetu. Kolamu ya kwanza ikachora kilima palepale inapotokea rangi nyekundu ya viwandani iliyokatazwa kwenye chakula.

"Ndiyo hiyo," Mkuu akasema. "Andika."

"Bado, mzee. Pilipili nayo ina wekundu wake wa asili, na huweza kutoka hapohapo. Nipe mpaka kesho niipitishe kolamu ya pili."

"Mama ana rangi kwenye vidole, wewe unataka kolamu?"

Nikamwambia kwamba rangi ya mkeka huyeyuka kwenye maji, na hii tunayoitafuta huyeyuka kwenye mafuta. Hata bibi huyo angetumbukiza mkono mzima, kilima kisingetokea pale. Akaninyang'anya fomu ya majibu, akasaini mwenyewe.

Kesho yake asubuhi achari yote ilimwagwa shimoni karibu na soko, Bi Mwanahamisi kasimamishwa pembeni, watu wanatazama. Mchana kolamu ya pili, niliyoiendesha bila ruhusa yake, ikatoa jibu. Kilima kile kiligawanyika vilima vidogo, vyote vya pilipili. Mahali pa rangi iliyokatazwa palikuwa tupu.

Nilimpelekea Mkuu. Akatazama, akaikunja karatasi. "Vizuri kujua," akasema. "Lakini ofisi haiwezi kwenda sokoni kumwambia bibi muuza achari kwamba ilikosea. Nani atatuamini tena?"

Nikamuuliza kama kwa hali ile tulistahili kuaminiwa. Akanikumbusha kiapo cha kutunza siri za ofisi. Nilipanda kwa aliye juu yake, nikaambiwa nirudi kwa Mkuu wangu. Hasira ile sijaimeza mpaka leo, wala sina mpango wa kuimeza. Mwenye kosa alipandishwa cheo. Asiye na kosa alibandikwa jina, na mpaka sasa kwenye shughuli za Bagamoyo mtu akipakuliwa achari utamsikia, "Isije ikawa ya rangi ya mkeka," na watu wanacheka.

Nilipostaafu, safari yangu ya kwanza ilikuwa Kaole. Kiapo chao niliwaachia pamoja na koti jeupe.

"Shikamoo, Bi Mwanahamisi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Tukaketi uani, nikamweleza yote, tangu kilima cha kwanza mpaka vile vya pili. Alisikiliza huku akisuka ukili wa mkeka, bila kuinua uso.

"Mimi nilijua siku ileile," akasema. "Nilichotia humo nakijua. Lakini mwanangu, walinichafua sokoni. Mbona wewe unanisafishia uani?"

Nilikunywa chai yake, nikaaga.

Vijana wa maabara, mliniomba niwaandikie habari za mashine, na mashine nimewaeleza. Hili lililobaki lisomeni kwa sauti, na sokoni ikiwezekana: achari ya Bi Mwanahamisi wa Kaole haikuwa na rangi yoyote ya kutiwa. Wekundu wake ulikuwa wa pilipili.