Kikohozi cha Kompresa

Kwa miaka kumi na minane Rehani Mdoe alitia grisi mashine za korona, kiwanda cha kusindika mkonge karibu na Mazinde, na kwa miaka yote hiyo hakuruhusiwa kufungua hata boliti moja. Kufungua ilikuwa kazi ya Mzungu. Kazi ya Rehani ilikuwa kubeba kopo la grisi na kunyamaza. Lakini masikio yake hakuna aliyeweza kuyakataza. Aliondoka pale na vitu viwili: kifua kilichojaa vumbi la katani, na sikio lililojua mashine inaumwa wapi.

Mwaka 1974 alikuwa amerudi kwao Handeni, katika kijiji kipya cha ujamaa nje ya Chanika, na ni yeye aliyewashawishi wenzake wahamie huko na kuwaonyesha pa kuchimba kisima. Kaya sitini zilichimba kwa zamu, kwa sururu na majembe, hadi futi arobaini. Hapo wakakuta mwamba. Wakaazimwa kutoka Korogwe kompresa, mashine ya kushindilia upepo, na drili inayoendeshwa na upepo huo, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa tu, maana vijiji vingine navyo vilikuwa vinangoja.

Jumatatu drili iliutafuna mwamba. Jumanne ikachoka. Jumatano asubuhi ilikuwa inagonga kama kuku anayedonoa bati.

"Presha haipandi," alisema Jonathan, fundi wa Vugiri, huko milimani, aliyekuja na mashine. "Drili ikianza kazi, mshale wa kipimo hauvuki arobaini. Pete za pistoni zimekufa, mzee. Nairudisha Korogwe."

Mbaruku, jirani yake Rehani, alikuwa amekaa juu ya lundo la mawe. "Basi na mimi nafunga mikeka yangu, narudi kwetu bondeni. Kule maji yalikuwa tope, lakini yalikuwepo. Rehani, umetuleta huku tuje kunywa hotuba?"

Watu wakacheka. Rehani hakucheka. Nyuma ya Mbaruku aliziona familia zaidi ya kumi zinazongoja tu mtu wa kwanza aondoke.

"Jonathan, nipe asubuhi hii moja."

"Mzee wangu, nakuheshimu, lakini hii si korona."

"Ninyi watu wa milimani mna haraka kama mnashuka mteremko. Funga koki ya mpira unaopeleka upepo kwenye drili."

Jonathan akafunga. Mshale ukapanda kwa kujikongoja, ukafika mia.

"Zima injini."

Wote wakaukodolea macho mshale. Haukushuka. Zuena, mkewe Rehani, akapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo cha bomba. Hakuna hata kiungo kimoja kilichotoa mapovu.

"Umeona? Upepo ukishaingia hautoki," alisema Rehani. "Basi shida ni kwamba hauingii wa kutosha. Unaingilia wapi?"

"Kwenye chujio. Lakini nililisafisha mwenyewe Jumapili."

"Tulifungue."

Jonathan akamtazama, kisha akamnyooshea spana. "Fungua wewe, mzee."

Nchi ilikuwa na miaka kumi na mitatu ya uhuru. Spana ilimfikia Rehani asubuhi ile.

Mfuniko ulipotoka, chujio lilionekana limevaa koti jeupe, nene, laini. Rehani alilijua kabla hajaligusa. Akakohoa. Kisha akainua macho, akalitazama paa lililokuwa juu yao: banda la katani, ambamo akina mama walichana nyuzi za kusokotea kamba. Nani aliagiza mashine iwekwe humo, mpira uburutwe hadi kisimani? Yeye mwenyewe, Jumatatu, kwa majivuno: mgeni wa heshima hawezi kuachwa juani!

Jonathan alikwisha kuelewa, lakini alitazama chini kwa adabu. Wengine walikuwa bado. Ingetosha Rehani aseme mashine ni kuukuu, na kosa lake lingefichika. Rehani akamkumbuka yule Mzungu wa korona, ambaye kwa miaka kumi na minane hakukosea hata siku moja. Aliyekosea alikuwa mfanyakazi.

"Kosa ni langu," alisema kwa sauti. "Nimeiweka kwenye vumbi lililoniharibu kifua. Sasa imeshika kikohozi changu."

Mbaruku akaangua kicheko, akashuka kwenye mawe yake. "Haya, msisimame hapo tu! Tumtoe mgonjwa nje apate hewa!"

Wakaisukuma wote hadi upande upepo unakotokea. Jonathan akalikung'uta chujio, akaliosha kwa petroli, wakalianika mpaka likakauka kabisa. Injini ilipowashwa tena na drili kushika mwamba, mshale ulisimama kwenye tisini na ukakaa hapo.

Ijumaa mchana, lori likiwa limekwisha fika kuichukua kompresa, ndoo ya mwisho ya vumbi la mwamba ilivutwa kutoka kisimani. Zuena akachota, akafumba ngumi, akafumbua. Vumbi lilishikamana kama unga uliotiwa maji. Akampa Mbaruku. Mbaruku akalinusa, akalipaka shavuni.

"Mwamba umepasuka, na maji hayako mbali," alisema Rehani. "Kilichobaki ni sururu."

Mbaruku alikuwa amekwisha kuvua shati. "Zamu ya kesho ni ya nani? Niandikeni mimi kwanza."