Sale Usoni mwa Kompyuta

Urbanus alikuwa na msemo wake, na asiyemjua angedhani ni wa kwangu mimi fundi cherehani: "Kompyuta haitembei uchi." Duka lake la steshenari na kibanda changu cha ushonaji vilitenganishwa na ubao mmoja tu, nyuma ya soko hapa Moshi mjini, kwa hiyo nimeyasikia mazungumzo yake yote, niliyoyataka na nisiyoyataka. Mtu alileta kompyuta imekwama, Urbanus akaipiga Windows upya, kazi ambayo vijana wengi mjini wanaiweza. Lakini yeye hakuirudisha hivyohivyo. Aliivisha kwanza.

Alianza kwa kumuuliza mwenye mashine kwao ni wapi. Wa Chekereni alimwekea usoni mwa kompyuta picha ya majaruba ya mpunga yakiwa na maji. Wa Tarakea alimwekea mlima unavyoonekana kutoka Rombo, maana alisema Mrombo ukimpa mlima wa upande wa Kibosho umemtukana. Picha alizipiga mwenyewe Jumapili baada ya misa. Kisha pembeni mwa picha alipanga vipimo vyake: duara dogo la joto la mashine, mstari wa memori, mstari wa prosesa, vyote kwa rangi zinazopatana na picha. Nilimtania kwamba anahangaika na pindo wakati mteja anataka suruali.

"Mama Agness," aliniambia, "mtu akiwa na homa anasema. Mashine haisemi. Lazima uiwekee mahali pa kusemea."

Mashine aliyoivisha vizuri kuliko zote ilikuwa ya mwanawe wa pekee, Rodney. Mama yake kijana alifariki mtoto akiwa bado anatambaa, akalelewa na shangazi yake, Tereza, dada mkubwa wa Urbanus, kule kwao Kibosho. Rodney alipomaliza chuo, baba alimtafutia laptopu iliyotumika, akaifungua yote, akabadilisha alichobadilisha, akaipamba. Tena akaiunganisha na ya kwake kwa programu. Kwenye kona ya kompyuta ya Urbanus pakawa na duara la kijani lenye jina la Rodney. Kijana akiwasha laptopu yake, popote penye intaneti, duara linawaka huku Moshi. Mashine ikipata joto, linageuka jekundu, na baba anampigia simu kumwambia afute vumbi kwenye feni. Programu hiyohiyo ilimwezesha kurekebisha mambo ya kule akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Halafu wakagombana. Rodney alikata mibuni ya babu yake kihambani ili ajenge banda la kuku, bila kumuuliza mtu. Kwetu kihamba si shamba tu. Ndipo penye nyumba, migomba na makaburi ya ukoo, na ile mibuni ilipandwa na mtu aliyelala hatua chache kutoka hapo. Urbanus aliikuta imelala chini siku ya kipaimara, wageni wamejaa uani. Angeweza kumvuta kijana pembeni. Hakumvuta. Alisema mbele ya ukoo mzima: "Usikanyage kihamba hiki mpaka nikuite mwenyewe."

Rodney alifunga begi lake akaondoka. Tulisikia yuko Mwanza. Namba yake ya simu ikawa haipatikani, lakini laptopu alikwenda nayo, na duara lake likabaki linawaka pale konani.

Mimi si mtu wa kumung'unya maneno. "Hasira hasara, Baba Rodney," nilimwambia. "Mfuate mwanao."

"Nimfuate Mwanza nikagonge mlango gani?" Akanionyesha kioo. "Yupo. Tazama joto, leo ana kazi nyingi."

Akawa anaishi kwa kutazama lile duara. Likiwaka mapema, aliwachangamkia wateja. Likichelewa, hata salamu hakuitikia vizuri. Kuna kipindi lilizimika kabisa, siku zikapita, wiki zikapita, na mwanamume yule akakonda mbele ya macho yangu. Nilimletea mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, akaurudisha. Kisha asubuhi moja nikasikia kicheko upande wa pili wa ubao. Duara lilikuwa limewaka. Alimwagiza mtu mtori wa watu wawili, tukala pamoja, akamaliza na bakuli la pili.

Nadhani kile kipindi cha giza ndicho kilichomlainisha, kwa sababu mwezi wa nane Tereza aliposhuka mjini hakumbishia kama alivyozoea. Tereza ni mwanamke wa maneno machache. Aliweka kapu lake la ndizi chini, akakataa kiti.

"Neno ulilitoa mbele ya watu," alisema. "Halifutiki kwa kunyamaza. Kata sale umpelekee mtoto."

Sale ni mmea tunaoupanda mipakani mwa vihamba. Anayetaka kuomba radhi hulifunga fundo jani lake, akalipeleka kwa aliyemkosea kwa mkono wa mtu anayeheshimika. Ukiletewa sale hukatai, hata kama moyo bado unachemka. Baba kumpelekea mwanawe si jambo la kila siku, lakini Tereza alikuwa ameshamfikiria wa kulibeba: Aminieli, ndugu yao wa ukoo, alikuwa anaendesha lori la mizigo kwenda Mwanza. Angelibeba, na angemtafuta kijana mtaa kwa mtaa.

"Nitalifikisha, dada," Urbanus alisema. Tereza akarudi Kibosho ameridhika.

Alipoondoka tu nikamuuliza Urbanus ni lini Aminieli anasafiri. Urbanus akatikisa kichwa. Aminieli akijua, alisema, stendi nzima ya malori itajua kwamba yeye anamwangukia mtoto. Tena Aminieli atazunguka mji usio wake na jani mkononi. "Kompyuta inajua alipo," alisema.

Jumapili iliyofuata alipanda Kibosho na kamera. Alilifunga sale fundo palepale mpakani, likiwa bado na umande, akalipiga picha. Jumatatu hakupokea kazi ya mtu. Alikaa na picha ile, akipunguza mwanga huku na kuongeza kule. Vipimo vya Rodney alivisogeza chini visije vikalifunika fundo, akavipaka kijani cha jani lenyewe. Nimeshona magauni ya maharusi wengi, lakini sijawahi kufanya kazi kwa upendo namna ile. Nilisimama nyuma yake nikiwa na hasira na machozi kwa pamoja.

"Sale halitumwi kama picha ya harusi," nilimwambia. "Linabebwa na mtu. Anasimama mbele yake, anasema."

"Litasema lenyewe."

"Basi fungua kamera ya mashine yake uone yuko katika hali gani."

"Kuangalia joto la mashine ni jambo moja, Mama Agness. Kumchungulia mtu chumbani kwake ni jingine." Akaisukuma picha ikaenda Mwanza, ikakaa usoni mwa laptopu ya Rodney.

Programu ilikuwa inamwonyesha ni picha gani imewekwa kule. Kesho yake sale lilikuwa bado lipo. Wiki ikaisha, lipo. Urbanus alikuja kwenye kibanda changu akasimama mlangoni kama kijana aliyekubaliwa posa. "Hajaliondoa," alisema. "Amelipokea." Na kweli, mimi mwenyewe nikaanza kuona aibu kwa ubishi wangu, maana kwetu asiyelisukuma sale amesamehe.

Basi tukamngojea Desemba, mwezi ambao Mchagga aliye mbali hurudi nyumbani asipokuwa na sababu nzito. Urbanus alipaka chokaa chumba cha Rodney. Tereza alipika mbege, pombe yetu ya ndizi. Mbuzi akatengwa. Pale mibuni ilipokatwa, Urbanus mwenyewe alimwaga mawe ya msingi wa banda la kuku. Nilipoyaona, sikuwa na utani wa kusema.

Rodney hakuja. Na Krismasi yenyewe, Urbanus aliposhuka dukani kuangalia, duara lilikuwa linawaka.

Hilo lilimuumiza kuliko yote. Mtu amelipokea sale, ameitwa, halafu siku ya Krismasi anakaa kwenye kompyuta! Alirudi nyumbani hakula mbuzi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mshindo aliouogopa Urbanus ulikuwa kwamba mwanawe amemdharau. Hakuogopa kitu kingine. Mwaka mpya tulipofungua maduka, alikaa chini, akaandika maneno yatokee kwenye kioo cha kule: "Rodney, mimi baba yako. Nimekuita. Mbona huji?"

Jibu lilirudi upesi. "Shikamoo mzee. Samahani, mimi siye Rodney. Naitwa Hosea. Naomba namba yako nikupigie."

Simu ilipoita, Urbanus alinisukumia. Niliipokea mimi, nikaiweka sauti ya wazi juu ya meza.

Hosea alikuwa mwalimu wa tuisheni, amepanga nyumba moja na Rodney. Alisema Rodney alianza kuumwa figo, akauza vitu vyake kimoja kimoja ili ajitibu. Laptopu ilikuwa ya mwisho, alimuuzia yeye. "Nilimwambia aende kwao akatibiwe," Hosea alisema. "Akasema mzee wake amemkataza kukanyaga mpaka amwite. Akiitwa, atapanda basi siku hiyohiyo. Alilirudia sana hilo neno."

"Yuko wapi?" Urbanus aliuliza.

"Mzee, pole sana. Alifariki mwezi wa kumi. Simu yake tulishindwa kuifungua, tukatangaza, hakutokea ndugu. Tulimzika sisi wapangaji na watu wa jumuiya."

Urbanus hakulia. Alikuwa anaitazama kompyuta yake. "Hiyo picha ya majani," alisema, "ilipotokea kwenye hiyo mashine, alikuwa hai?"

"Alikuwa hai. Alikuwa chumba cha pili, amelala. Mimi nilidhani kompyuta inajibadilishia picha yenyewe, mzee. Nikaiacha kwa sababu ni nzuri."

Nilifunga kibanda changu, nikampeleka Urbanus nyumbani. Njia nzima hadi Kibosho nilitamani kumgombeza na kumkumbatia, nikashindwa vyote viwili, nikashika tu mkoba wake. Jioni ile ukoo ulijaa uani, vilio vikasikika mpaka barabarani. Wazee walikubaliana kwamba mtoto hawezi kulala ugenini, waende Mwanza wakaombe kumfukua wamlete kihambani. Aminieli alijitolea kutoa lori lake. Ndipo akasema, bila ubaya wowote, kwamba mwezi wa nane alikuwa Mwanza, mzigo ulichelewa kushushwa, akakaa kule siku nyingi bila kazi.

Tereza alikuwa ameketi kwenye mkeka, kanga imemfunika kichwa. Aliifunua, akamtazama Aminieli, kisha akamgeukia mdogo wake.

"Urbanus," aliuliza, "lile sale ulimpa nani apeleke?"

"Sikumpa mtu, dada."