Wanataka niape kwamba huyu si mama yangu

Admin, nifiche jina tafadhali. Watu wa mtaa wetu wa Turffontein tunaosali nao watanijua tu, lakini wengine wasinijue.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tano. Nilizaliwa Uvira, Kongo, nikaletwa Johannesburg nikiwa na miaka mitatu, mgongoni kwa mama. Sheria nimeisoma hapa hapa. Huku ukimaliza chuo bado si wakili. Lazima ofisi ya mawakili ikuchukue kwanza ujifunze kazi chini yao, vinginevyo shahada yako ni pambo la ukutani. Kwa miaka miwili nimeomba nafasi hiyo kwenye ofisi kubwa za mawakili wa biashara. Kila fomu inakuuliza kwa nini unawataka wao na si wengine. Nimeandika sababu hizo mpaka nikaanza kujichukia. Jibu lilikuwa lile lile: asante, waombaji wazuri walikuwa wengi. Ilifika mahali barua pepe nazifungua nimesimama mlangoni.

Mwezi uliopita ofisi moja kati ya hizo, iliyoko Sandton, iliniita kwenye usaili. Mama, ambaye ni fundi cherehani, alinishonea koti. Alinipimia akiwa na pini mdomoni.

"Simama sawa, Maître." Kwetu Kongo wakili huitwa hivyo, na yeye ameniita hivyo tangu nikiwa shule ya msingi. "Maître gani anapinda mgongo kama amebeba ndizi?"

Waliniuliza kwa nini sheria ya biashara. Majibu yote niliyokariri yakanitoka. Nikawaeleza jinsi mama alivyotolewa kwenye chumba chake cha kushonea kwa mkataba ambao hakuna aliyemsomea, na jinsi mimi, mtoto wa miaka kumi na miwili, nilivyokaa na kamusi nikausoma kipengele kwa kipengele. Mama yangu hivi, mama yangu vile. Wakanichukua. Nyumbani tulipiga vigelegele mpaka jirani Mzulu akagonga mlango kuuliza nani anaolewa.

Wiki moja baadaye dada wa idara ya waajiriwa wa ofisi ile akanipigia, kwa upole kabisa.

"Cheti chako cha ubatizo kina jina la mama mwingine. Huyu uliyemwandika kwenye fomu ni nani?"

"Mama yangu," nikasema. Kisha nikaongeza, "Ni mdogo wake mama aliyenizaa."

"Kwa hiyo ni anti yako. Na mama mwenyewe?"

"Alifariki."

Nikasikia akifunua karatasi. "Lakini hapa umeandika mama."

Jamani, sikudanganya. Ninyi mnaosoma hapa mnajua, mdogo wake mama ni mama. Aliyenizaa alikufa nikiwa na miaka miwili, na mdogo wake akamwahidi kitandani kwamba hakuna mtu atakayeniita yatima. Hata neno "mama mdogo" halijawahi kutumika nyumbani kwetu. Lakini Kiingereza kina anti tu, na kwenye kazi hii uongo mdogo ni mkubwa: mahakama inaweza kukataa kukuapisha uwakili. Ofisi inataka hati ya kiapo. Niape mbele ya polisi, maana huku ndio huapisha watu, kwamba yule si mama yangu, na yeye asaini chini kukubali. Mwisho ni Jumatatu.

Nikaiweka karatasi waliyonitumia juu ya cherehani.

"Nisomee," mama akasema. "Banasema mimi niko nani?"

"Anti."

"Kwa Kiswahili."

Nikababaika. "Kama... shangazi."

Akacheka. "Shangazi! Mimi ni dada ya baba yako? Yule alikimbia hata meno hujaota, leo bananiweka kwenye ukoo yake?" Akafuta machozi ya kicheko, akaweka kidole chini ya karatasi. "Na hapa?"

"Hapa ni kwamba mama yangu ni marehemu."

Kicheko kikakatika. Akachukua mkasi, akauweka tena.

"Kumbe weye ni yatima."

Kisha akaniambia jambo ambalo sijawahi kumsikia akilisema. "Siku ya kwanza tulifika ofisi ya wakimbizi, karani akaniuliza, huyu ni nani yako? Nikasema, ni mtoto yangu. Akaandika. Makaratasi yetu yote yalitoka kwa neno ile. Weye ndiye Maître, niambie: nikisaini hii, hawatakuja kuniuliza?"

Mimi niliyesoma sheria miaka yote hii, niliyemsomea mkataba nikiwa mtoto, nilisimama pale kama sikuwahi kufungua kitabu. Sijui kama neno la ofisi ya mawakili linaweza kufika ofisi ya wakimbizi. Kumuuliza wakili naogopa, kwa sababu swali lenyewe ni kama kumshtaki mama.

Tangu siku ile siwezi kukaa. Natembea kutoka nyumbani hadi uwanja wa mbio za farasi, narudi, natoka tena. Mama hanigombezi. Ananiita kwa jina langu tu. Maître hasemi tena. Alikuwa amenianzia koti la pili, la kuingilia kazini. Limetundikwa dirishani likiwa na mkono mmoja tu.

Jana aliniambia, bila kuinua macho, "Lete kalamu, nisaini. Mimi nitabaki mama yako hata kama niko shangazi." Nikasema kalamu imeisha wino. Iko mfukoni mwangu mpaka sasa.

Ndugu zangu, kina mama hasa, nisemesheni. Nisiposaini, nafasi imekwenda na jina la mwongo nabaki nalo. Nikisaini, nitainua mkono mbele ya polisi na kuapa kwamba mwanamke aliyenibeba mgongoni kutoka Uvira si mama yangu. Kwa Kiingereza nitakuwa nimesema kweli. Kwa Kiswahili je, si nitakuwa nimeapa uongo? Nifanye nini?